Yafuate Mafuta

Pikipiki ina namna mbili za kuzimika. Kuna kuzimika kwa kukatwa, ghafla, kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Na kuna kuzimika kwa kuishiwa pumzi: inakohoa, inarudi, inavuta kidogo, inakohoa tena, kisha inanyamaza huku magurudumu bado yanazunguka. Yangu ilizimika kwa namna ya pili, katikati ya mlima wa Kitonga, nikisikia lori likinijia nyuma kwa gia ya kwanza. Nikaisogeza pembeni, nikakaa juu ya jiwe, nikatazama bonde la mibuyu nililotoka. Baada ya dakika kumi nikapiga kiki moja tu, ikawaka kama vile haikuwa na neno. Nikapanda kona mbili. Ikazimika.

Ugonjwa huo ulikuwa na miezi mitatu. Mjini Iringa haukuonekana. Ningeweza kuzunguka kutwa kutoka Mkwawa hadi Kihesa, nisimame sokoni, niondoke, na pikipiki isilalamike. Ilikuwa lazima niende nayo mlimani, nikivuta mafuta mpaka mwisho, ndipo inikumbushe kwamba inaumwa. Mgonjwa wa aina hii ndiye anayewaumbua mafundi, kwa sababu ukimfikisha gereji anaamka, ananguruma vizuri, na wewe unabaki kuonekana mzushi.

Nilikuwa nimeshapita kwa wanne. Wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alisema ni koili, nikanunua koili. Wa tatu aliweka platini na kondensa mpya, na kwa haki yake niseme zile za zamani zilikuwa zimechoka kweli. Wa nne, aliyekuwa na duka la spea mlango wa pili, aliniuzia kabureta nzima, mpya, ya Kichina, ikiwa ndani ya kasha lake. Wote walikuwa wepesi wa mikono. Walifungua, walifunga, walipiga kiki, walisikiliza sekunde tano, wakasema tayari. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza inazimikia wapi.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 aliyoiacha marehemu baba, ambaye alikuwa bwana shamba. Honda walianza kuitengeneza mwaka 1976, wakiikusudia nchi ambako pikipiki ni jembe: barabara ni vumbi, mzigo ni mara mbili ya ule ulioandikwa kwenye kitabu, na siku ya sevisi ni siku itakapokufa. Ndiyo maana mnyororo wake uliwekwa ndani ya kasha la bati usile mchanga, na valvu zake zinasukumwa na vijiti vya chuma badala ya mnyororo mwembamba wa juu unaohitaji kukazwa. Baadaye Wachina waliinakili injini hiyo, wakaizalisha kwa majina mengi yasiyohesabika. Bodaboda nyingi zinazopita mbele ya mlango wako, hata kama tangi limeandikwa jina lingine, ni watoto wa ndugu wa pikipiki ya baba yangu. Fundi anayeijua hii anazijua nyingi.

Siku ile ya Kitonga niliikokota na kuipumzisha, nikaikokota na kuipumzisha, hadi nikafika Ilula. Nikauliza kwa wauza nyanya kama kuna fundi. Wakaninyooshea kidole kwenye kibanda cha mabati nyuma ya matenga. Hapo nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani imefungwa kamba shingoni, anasuuza mikono kwa sabuni ya unga.

“Kamwene,” nikamsalimu.

“Kamwene. Karibu mwalimu.” Sijui alijuaje kwamba ni mwalimu. Labda ni kalamu mfukoni.

Nikamweleza. Nilitegemea ainuke achukue bisibisi. Hakuinuka. Akaanza kuuliza, na maswali yake nayakumbuka yote kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike haya. Inazimikia wapi? Ukiwa umebeba mtu au peke yako? Ukiwa gia ya ngapi? Tangi likiwa limejaa au likiwa nusu, kuna tofauti? Ikizimika unasubiri muda gani ndipo ikubali? Ukipiga kiki mara moja bila kusubiri, inasemaje? Umeshawahi kufungua mfuniko wa tangi ikiwa imezimika?

Hapo nikajibu kwa majivuno kidogo, maana hilo nililijua. Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupumulia. Mafuta yakishuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kitundu kikiziba, tangi linaanza kuyavuta mafuta kurudi juu, mpaka yanakataa kabisa kushuka. Ukifungua mfuniko unasikia fyuuu, na pikipiki inawaka. Kila dereva wa bodaboda anajua hadithi hiyo. Nikamwambia mzee nimefungua mfuniko mara nyingi, sikusikia kitu, na haikusaidia.

“Vizuri,” akasema. “Basi hapo juu tumeshapapita. Tuyafuate mafuta.”

Neno hilo ndilo kazi yote. Wengine wote walifuata kitu: plagi, koili, kabureta. Yeye alifuata mafuta. Alijiuliza yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanaishia wapi ile dakika injini inapokohoa. Ukiwa na swali hilo huhitaji kubahatisha. Unashuka nayo ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ama yapo ama hayapo.

Safari yenyewe ni fupi. Kwenye pikipiki ya zamani hakuna pampu ya mafuta. Petroli inashuka kwa uzito wake tu, kutoka tangini kupitia koki, kupitia mpira mwembamba, hadi kwenye bakuli la kabureta, kimo cha shubiri moja au mbili. Ndani ya bakuli kuna floti, ambayo ni ndugu mdogo wa lile boya la tangi la maji nyumbani: mafuta yakipanda, inainuka na kusukuma sindano izibe mlango, yakipungua, inashuka na mlango unafunguka. Basi. Nguvu inayoyasukuma mafuta ni ndogo mno, kiasi kwamba mpira uliopindwa vibaya, au uchafu mdogo kama unga wa kutu, unatosha kuyasimamisha. Watu hudhani injini inayonguruma vile inayavuta mafuta kwa nguvu kutoka tangini. Haiyavuti. Inasubiri yaletwe.

Kinachovuta kiko mbele kidogo. Hewa inayoingia kwenye injini hupitishwa kwenye koo jembamba la kabureta, na hewa ikibanwa hivyo inakwenda mbio, na ikienda mbio msukumo wake unapungua, hivyo petroli inapanda yenyewe kutoka bakulini kupitia tundu la jeti na kutawanyika kama ukungu. Aliyeandika habari za koo jembamba la namna hiyo ni Mwitaliano Giovanni Battista Venturi, mwaka 1797, akizungumzia maji, wala hakuwaza injini za petroli, kwani hazikuwapo. Mjerumani Wilhelm Maybach alileta kabureta ya kunyunyizia mwaka 1893. Lakini mimi niliielewa pale mzee aliponiuliza kama nakumbuka lile bomba la zamani la kupulizia dawa ya mbu, lenye kikopo chini na mpini wa kusukuma. Unasukuma hewa, inapita juu ya ncha ya mrija, dawa inapanda bila ya mtu kuigusa. “Ndiyo kabureta,” akasema. “Ila hii inapulizia moto.”

Kisha akafanya jambo ambalo wale wanne hawakulifanya. Akavaa kofia ngumu, akapanda nyuma yangu, akasema turudi mlimani.

Tulishuka hadi kona za chini, tukageuza, tukaanza kupanda. Mzee wa zaidi ya miaka sitini, amenishika kiunoni kama abiria wa bodaboda, sikio limeelekezwa chini. Ilipoanza kukohoa akanipigia kelele: “Choki! Vuta choki!” Nikavuta. Injini ikashtuka, ikapata nguvu kwa mita hamsini hivi, kisha ikaanza tena. “Kamata klachi, zima!” Nikazima palepale, kabla haijafa yenyewe.

Choki inapunguza hewa ili mafuta yazidi. Kama injini ingekuwa inazidiwa na mafuta, choki ingeiua palepale. Ilipofufuka ilisema wazi kwamba ina njaa. Na kuizima ikiwa bado katikati ya ugonjwa kulikuwa na sababu yake: plagi ni shahidi mwepesi wa kusahau. Ukiiacha injini ingurume polepole hadi gereji, plagi itakuonyesha habari za kunguruma polepole, si habari za mlimani. Akaifungua pale pale barabarani, kwa spana aliyoitoa mfuko wa koti, akaishika na kitambaa. Ilikuwa kavu na imepauka, karibu nyeupe. Hakukuwa na masizi.

Rangi ya plagi aliniambia nisiiamini kupita kiasi siku hizi. Zamani petroli ilitiwa madini ya risasi, na plagi ya injini nzima ilitoka na rangi ya kahawia safi ambayo fundi angeisoma kama gazeti. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na mafuta hayo kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na ni jambo jema kwa vichwa vya watoto wetu, lakini tangu hapo rangi ya plagi imekuwa hafifu. Yeye anaitumia kutofautisha nyeusi na nyeupe tu. Kilichopo kati ya hizo anakitafuta kwa njia nyingine.

Weupe ule ulimwondolea wazo jingine pia. Kupanda kutoka Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima, ni kuingia kwenye hewa nyepesi zaidi. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kabureta iliyopangwa Dar es Salaam ikifika huku inaleta mafuta yaleyale kwa hewa iliyopungua, na pikipiki inakuwa nzito, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi. Fundi asiyejua anaweza kuhangaika na mlima akidhani ni ugonjwa. Yangu ilikuwa kinyume chake.

Tuliporudi kibandani, kabla ya kugusa mafuta, aliisukuma pikipiki mbali na jiko la mama ntilie, akamwambia kijana mmoja azime sigara. Kisha akalegeza skrubu ndogo ya chini ya bakuli na kukinga kwa chupa ya maji iliyokatwa. Mafuta yakatoka. Akayainua kwenye mwanga. Maji yakiwapo huonekana: petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji hukaa chini, mviringo, yanatembea kama shanga ukiitikisa chupa. Hayakuwapo. Akamwaga matone kwenye kiganja. Petroli safi inatoweka na kuacha ubaridi. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inaacha utelezi na harufu ya kibatari. Kuchanganya huko kulikuwa janga nchini kwa muda, hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilipoanza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa kupandishwa mwaka uliofuata ili faida ya uchakachuaji iondoke. Mzee aliniambia hata sasa anapima, maana petroli ya kwenye chupa barabarani haina mtu wa kuiulizia.

Kiganja kilikauka. Mafuta yalikuwa mema.

Hapo ndipo alipochomoa mpira kwenye kabureta, akautumbukiza kwenye chupa ya nusu lita, akafungua koki. Mafuta yakamiminika vizuri, mkondo mnene. Nikasema, yanakuja. Fundi wa pili na wa nne walifanya hivihivi mbele yangu, wakafunga baada ya sekunde tatu, wakasema yanakuja. Mzee hakufunga. Akachuchumaa, akatazama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Nami nikawa nahesabu. Tulipofika kama arobaini, mkondo ukapungua. Hamsini, ukawa uzi. Kisha uzi ukakatika, yakawa matone, na mfuniko wa tangi ulikuwa wazi muda wote huo.

Akafunga koki. Akaketi, akafuta miwani. Baada ya dakika kadhaa akafungua tena. Mkondo ukarudi mnene kama mwanzo.

“Umeona, mwalimu?”

Niliona, na nilisisimka mwili. Ugonjwa wa miezi mitatu, ule uliokataa kuonekana popote isipokuwa mlimani, ulikuwa umeketi mbele yangu kwenye chupa ya plastiki. Siku ile nilielewa ni kitu gani hasa mafundi wanne walikikosa, nacho si elimu. Ni dakika moja.

Nilifanya hesabu baadaye nyumbani. Injini ya sisi 125 ikivutwa mpaka mwisho inakunywa lita tatu na nusu kwa saa, pengine nne. Ni kama mililita 60 kwa dakika: kikombe kimoja kidogo cha kahawa, vile vya wauza kahawa wa mtaani. Bakuli la kabureta halijai kikombe hicho. Kwa hiyo mafuta yakikatika, mlimani unakwenda kwa akiba isiyofika dakika. Na kwenye tambarare, ambako injini inakunywa robo ya hapo, hata uzi mwembamba unatosha, na hutajua kamwe kwamba kuna kitu.

Wakati tangi linamwagwa kwenye dumu kupitia kitambaa, alifika kijana wa bodaboda. Yake haikubali bila choki. Ukiifunga choki, inazimika. “Shikamoo babu,” kisha akaanza kusema anataka kununua kabureta. Mzee akamwambia aiwashe. Akachota maji kidogo kwenye kopo, akayanyunyiza taratibu pale mpira unapoiunga kabureta na injini. Sauti ikabadilika ghafla, ikatulia kwa nukta moja. Hewa ilikuwa inaingia pasipostahili. Nati mbili zilikuwa zimelegea, akazikaza. Akamlipisha mia tano. Kijana akaondoka akicheka, choki imefungwa.

Nikamuuliza, na kama maji yasingebadilisha sauti? Hapo angefungua jeti ndogo, akasema, ile inayolisha injini inaponguruma bila kuvutwa mafuta. Tundu lake halifiki nusu milimita. Kwenye jeti za kampuni ya Keihin namba iliyochorwa ni kipenyo chenyewe kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo namba 38 ni 0.38. Mafundi wengi wanazibua kwa waya wa chuma, na shaba nyeupe ni laini, ukiichokonoa mara tatu namba 38 inakuwa namba isiyojulikana, na pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote bila mtu kujua kwa nini. Yeye ana mswaki wa zamani juu ya rafu. Anang'oa unywele mmoja, anaupitisha, anapuliza kwa pampu ya baiskeli, anatazama juani. Na hatumii mdomo. Wenye mazoea ya kufyonza petroli kwa mpira aliwasema vibaya sana, na ana haki: tone likikosea njia likaingia mapafuni, hilo si la fundi tena, ni la wodini.

Tangi likaisha. Akafungua koki. Niliitegemea iwe imejaa kutu, maana tangi la bati linalokaa nusu tupu hukusanya unyevu na kutu yake huanguka kama unga wa matofali. Chujio la koki lilikuwa safi. Nikavunjika moyo. Yeye hakuonyesha kitu. Akamulika ndani kwa tochi, akainamisha tangi huku na huku, akasikiliza. Kisha akachukua spoku ya baiskeli, akaikunja ncha kama ndoana, akaiingiza kwa juu. Alivua kwa muda mrefu. Alipotoa, kwenye ncha kulikuwa na kitu cha buluu, laini, kimekunjamana, ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Akakinyoosha juu ya goti.

“Mwalimu,” akasema, “rambo si zilipigwa marufuku?”

Zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hii ilikuwa ya kabla ya hapo, na niliitambua. Mpira wa mfuniko ulipokufa, mafuta yakawa yananimwagikia mapajani kila nikipita kwenye matuta. Nikakata kipande cha mfuko wa nailoni, nikakiweka chini ya mfuniko, nikakaza. Kilifanya kazi vizuri. Nilikiweka mimi, kwa mikono hii, jikoni kwangu, nikajipongeza. Baadaye nilipata mfuniko mwingine, na kile kipande sikukikumbuka tena. Kumbe kilikuwa kimechanika na sehemu yake kuangukia ndani.

Kwa nini hakikuzuia mafuta miaka yote hiyo, sikupata jibu kamili. Pengine kilinasa mahali, kikabanduka. Lakini kwa nini kilizuia mlimani tu, mzee alinieleza kwa kukitumbukiza kwenye ile chupa ya petroli. Nailoni ya rambo inaelea kwenye maji, kila mtu aliyeishi karibu na mto au bahari anajua. Kwenye petroli ilizama. Petroli ni nyepesi kuliko hata mfuko. Kwa hiyo ilikuwa imelala chini ya tangi, si juu. Ukipanda mlima, mafuta yanarudi nyuma, na chochote kilicholala kinateleza nyuma pamoja nayo, kuelekea koki. Na mlimani ndiko injini inakunywa zaidi, mafuta yanakwenda mbio, yanakibeba na kukibandika kwenye chujio. Mkondo ukikatika, hakuna cha kukishikilia, kinabanduka, kinaanguka. Unakaa juu ya jiwe dakika kumi, unapiga kiki, inawaka. Pale kibandani mpira ulioachwa wazi ulikuwa unamimina kuliko injini yangu inavyokunywa, ndiyo maana chupa ilifanya kazi ya mlima.

Kila jibu nililompa alipokuwa bado kwenye kiti chake lilikuwa limeshasema hayo. Mlimani. Gia kubwa. Dakika kumi.

Sisemi kabureta ni bora kuliko mifumo mipya. Si bora. Pikipiki zinazotoka sasa zenye pampu ndani ya tangi na kompyuta inayopima mafuta zinawaka vizuri asubuhi ya baridi ya Mafinga, hazinywi ovyo, na hazihitaji kubadilishiwa jeti zikipanda Njombe. Zikiumwa, taa inawaka, na fundi anasoma namba. Ila rambo ndani ya tangi haina namba. Kompyuta itasema mchanganyiko una mafuta kidogo, ukweli ambao plagi nyeupe iliusema pia, na kutoka hapo mtu atauza pampu mpya au atachuchumaa kutazama mafuta yakitiririka kwa dakika moja. Mafundi wa kuchuchumaa watahitajika bado.

Mzee alirudisha kila kitu, akabadilisha mpira wa mafuta uliokuwa umekakamaa, akanitafutia mpira wa mfuniko wa saizi yake. Alinidai shilingi elfu nane, pamoja na safari ya mlimani. Nilipompa elfu kumi na kumwambia abaki na chenji, akanirudishia elfu mbili akasema nikanunue nyanya.

Kabla sijaondoka aliitazama ile kabureta mpya, akasikiliza, akauliza ya zamani iko wapi. Nikasema iko nyumbani kwenye boksi. “Irudishe,” akasema. “Ile ni Keihin. Ioshe tu.” Nikaiosha, kwa unywele wa mswaki, nikairudisha. Jumamosi iliyofuata nilishuka hadi Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu, nikapanda Kitonga yote kwa gia ya tatu na gunia nyuma, bila kikohozi.

Kabureta ya Kichina ninayo bado, imetumika wiki tatu, haina kosa lolote. Anayeihitaji kweli, na awe ameshahesabu hadi sitini mbele ya chupa, nitamwachia nusu bei.